Kukinga Mwanga wa Usiku Vudee

Wakulima wa milima ya Upare hawauachii usiku upite bure. Katika bonde la mto Vudee, wilayani Same, maji yanayotiririka mferejini wakati watu wamelala huelekezwa kwenye ndiva, bwawa dogo la jamii lililochimbwa ubavuni mwa mlima, yakajikusanya humo hadi kunapopambazuka. Asubuhi ndiva huzibuliwa. Maji ambayo yangepita kidogokidogo na kunywewa na udongo kabla ya kufika shamba la pili sasa hutoka kwa nguvu, na wenye zamu wakamwagilia mahindi na maharage yao. Ndiva ya Manoo, katika bonde hilohilo, imeandikwa sana na watafiti wa maji waliofanya kazi katika bonde la Makanya miaka ya 2000. Ufundi wake hauna siri: kinachokuja kidogokidogo hukingwa mahali papana, kisha hutolewa kwa pamoja.

Darubini hufanya kazi hiyo kwa mwanga. Nyota nyingi tunazoziona hafifu zinawaka kwa ukali mkubwa huko ziliko, lakini mwanga unaotufikia ni mchache, na mlango wa kuupokea ni mdogo. Mboni ya jicho la kijana, hata ikifunguka yote gizani, ina upana wa milimita 7 hivi, nao hupungua kadiri umri unavyosonga. Lenzi yenye upana wa milimita 50 hukinga mwanga mara 51 ya ule wa mboni hiyo. Kioo cha milimita 76 hukinga mara 118. Kioo cha milimita 130, ambacho mtu bado anaweza kukibeba kwapani, hukinga mara 345. Mwanga wote huo hukusanywa na kupitishwa katika lenzi ndogo ya kuchungulia, na pale palipoonekana patupu hutokea nyota kwa makumi.

Hapo ndipo anayeanza hupotoshwa na matangazo. Maboksi ya darubini za bei rahisi hupambwa kwa picha za rangi na maandishi makubwa: hukuza mara 525, hukuza mara 675. Fizikia haikubali. Kanuni inayofuatwa na wanaastronomia ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 60 hufika mwisho wake kwenye mara 120. Ukiisukuma zaidi ya hapo, picha huwa kubwa na hafifu, ikitetemeka kila mtu anapogusa stendi. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe upana wa lenzi au kioo. La pili liwe uimara wa kitu kinachoishikilia. Ukuzaji uje wa tatu.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2009 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, kuadhimisha miaka 400 tangu Galileo Galilei aelekeze darubini angani. Maadhimisho hayo yaliacha vifaa viwili ambavyo bado vinafaa kutajwa. Kimoja ni Galileoscope, darubini ya vipande ambayo mwanafunzi huiunganisha kwa mikono yake bila gundi. Lenzi yake ina milimita 50 na hukuza mara 25. Kingine ni FirstScope ya kampuni ya Celestron, yenye kioo cha milimita 76 na uzito wa takriban kilo 2, ambayo haihitaji stendi ndefu: inawekwa juu ya meza, inageuzwa kwa mkono. Baadaye zikaja ndugu zake wakubwa, kama Heritage 130P ya Sky-Watcher, ambayo mwili wake huvutwa wakati wa kazi na kurudishwa ndani wakati wa safari. Hizi ndizo darubini ambazo mwalimu anaweza kuzipakata mapajani ndani ya gari la abiria linalopanda mlima kutoka Same, akafika nazo salama.

Galileo mwenyewe hakuwa na kifaa bora hivyo. Lenzi yake ilizibwa pembeni hadi ikabaki na upana wa chini ya sentimita 4, nayo ilikuza mara 20 hivi. Kwa kifaa hicho, tarehe 7 Januari 1610, aliona vinukta vitatu vilivyojipanga kando ya sayari ya Mshtarii. Usiku uliofuata vilikuwa vimehama. Kufikia tarehe 13 alikuwa amehesabu vinne, na akawa na hakika kwamba kuna vitu angani visivyoizunguka Dunia. Mwanafunzi wa Vudee mwenye FirstScope ana uwezo wa macho kupita ule uliobadilisha mawazo ya Ulaya nzima.

Pamoja na hayo ana kitu ambacho hakiuzwi: giza. Katikati ya Kariakoo au Nairobi, taa za barabarani na za maduka hupaka anga weupe unaofunika vitu hafifu, na kuongeza ukubwa wa kioo hakuondoi weupe huo. Kwa nebula na galaksi, darubini ndogo milimani huonyesha mengi kuliko kubwa yake mjini. Vudee iko juu ya tambarare ya Makanya na vumbi lake la jasi, mbali na barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Usiku usio na mbalamwezi, Njia Nyeupe inaonekana huko bila kifaa chochote, na miezi ya Julai na Agosti sehemu yake nene kuliko zote, kuelekea kitovu cha galaksi yetu, hupita juu sana, karibu nyuzi 65 kutoka upeo wa macho.

Mahali penyewe pana bahati. Vudee iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo karibu anga lote la kaskazini na la kusini huzunguka mbele ya macho ya mkazi wake katika mwaka mmoja. Mtu wa Oslo hawezi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao hata akikesha maisha yake yote. Mtu wa Vudee, jioni za Aprili na Mei mawingu yakimruhusu, anauona upande mmoja na kundi la Dubu Mkubwa upande wa pili. Mwezi Januari, saa mbili usiku, anaweza kuikuta galaksi ya Andromeda ikishuka kaskazini-magharibi, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, kisha akageuka na kulikuta Wingu Kubwa la Magellan likipanda kusini, umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Katika wingu hilo, Februari 1987, nyota moja ililipuka ikaonekana kwa macho matupu kutoka nchi za kusini. Ilikuwa ya kwanza kuonekana hivyo, kwa karibu hivyo, tangu mwaka 1604, kabla darubini haijaelekezwa angani.

Saa nazo zinamfaa mtoto. Karibu na Ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja jioni mwaka mzima, na kufikia saa mbili usiku giza limeiva. Mtoto anaweza kuangalia, kuchora alichoona, na bado akalala mapema kwa ajili ya shule. Kaskazini mwa Ulaya, mwezi Juni, mwenzake husubiri giza lisilokuja kabisa.

Milima nayo ina masharti yake. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta mawingu, na ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Chome na kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, unaweza kufunga anga lililokuwa safi saa moja iliyotangulia. Kilima kilicho mbele ya nyumba huficha nyota zote za chini. Umande hutua juu ya kioo, na unyevu ukikaa humo siku nyingi huota kuvu. Darubini ya milimani hukaushwa wazi mahali pasipo vumbi kabla ya kufunikwa, wala haifutwi kwa upindo wa shati. Januari na Februari, pamoja na miezi ya kiangazi kuanzia Julai hadi Septemba, ndiyo majira ya kuipangia kazi.

Lipo jambo moja la kiufundi ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havimwambii msomaji wa Upare. Darubini nyingi za wanaoanza huuzwa na stendi ya kiikweta, ile yenye mhimili unaopaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga ili nyota ifuatwe kwa kuzungusha kitasa kimoja. Ncha hiyo, kwa mtu wa London, iko juu angani. Kwa mtu wa Vudee, ncha ya kaskazini iko nyuzi 4 chini ya upeo wa macho, na ya kusini iko nyuzi 4 tu juu yake, nyuma ya milima. Mhimili ungelazimika kulala karibu sawasawa na ardhi, na stendi nyingi za bei nafuu hazishuki hivyo. Mwenye kununua kifaa cha Upare aiache stendi hiyo na kuchagua ile ya kugeuza tu juu, chini, kushoto na kulia.

Stendi bora ya namna hiyo inatokana na John Dobson, mtawa aliyeondoka kwenye monasteri yake huko Marekani mwaka 1967 na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha kikundi cha kuonyesha watu anga kwenye vijia vya miguu vya San Francisco. Alisugua vioo vyake kwa mkono, akavitia ndani ya mapipa marefu ya karatasi ngumu, akayasimamisha juu ya sanduku la plaiwudi linalozunguka. Hakuidai hati miliki. Seremala yeyote wa Same mwenye msumeno, plaiwudi na kipimo sahihi anaweza kujenga sanduku la Dobson. Kinachobaki kununuliwa ni kioo na lenzi ya kuchungulia. Udhaifu wake uko utosini: sanduku hilo hugeuka kwa shida linapoangalia juu kabisa, na karibu na Ikweta Mwezi na sayari hupita mara nyingi hukohuko. Dawa yake ni kuzitazama mapema, kabla hazijafika katikati ya anga, au kungoja zishuke.

Mwenye darubini mpya aanze na Mwezi, ukiwa umejaa nusu. Ukiwa mpevu hauna vivuli na huumiza jicho, lakini ukiwa nusu, mpakani mwa mchana na usiku wake, kila kilele hutupa kivuli kirefu na mashimo hujitokeza kwa kina. Kisha Mshtarii na miezi yake minne. Io huizunguka sayari hiyo kwa saa 42 hivi, Callisto kwa siku karibu 17, kwa hiyo darasa likichora nafasi zao kila usiku kwa wiki tatu litakuwa na mwendo mzima mikononi mwake. Kutokana na kupima nyakati za kupatwa kwa Io, Ole Rømer alionyesha mwaka 1676 kwamba mwanga husafiri kwa kasi yenye kikomo. Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima na mabaharia wa pwani walilitumia kupimia majira, hupendeza zaidi kwa ukuzaji mdogo, mara 15 tu. Omega Centauri, inayoonekana kwa jicho tupu kama nyota yenye ukungu, ni kundi la nyota zipatazo milioni 10. Kwa kioo cha milimita 130 kingo zake huanza kuchanganuka kuwa chembe za mwanga.

Jua lisitazamwe bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya darubini. Vile vichujio vidogo vya kufunga upande wa jicho hupasuka kwa joto, na jicho lililoungua halina maumivu ya kumwonya mwenyewe.

Asiye na darubini ya nyota naye ana pa kuanzia. Chini ya milima, katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, waongozaji wa watalii hushinda na darubini za macho mawili wakitafuta tembo na choroa. Kifaa hichohicho, kikiegemezwa ukutani usiku, huonyesha miezi ya Mshtarii na mamia ya nyota za Njia Nyeupe.

Kwa miaka mingi mtaala wa fizikia wa sekondari nchini Tanzania umemfundisha mwanafunzi kuchora darubini katika kidato cha tatu, pamoja na hadubini na kamera, na kumfundisha astronomia ya awali katika kidato cha nne. Anachora miale ikipinda ndani ya lenzi mbili, anaweka alama za herufi, anapata maksi. Wengi wamemaliza shule wakiwa na mchoro huo kichwani bila kuwahi kuchungulia ndani ya kitu chenyewe, ingawa anga wanalosomea lipo juu ya bweni lao kila usiku.

Wapo waliojitahidi kuziba pengo hilo. Dkt. Noorali Jiwaji, aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ametumia miaka mingi kuandika magazetini na kuzungumza na umma kuhusu anga la nchi hii. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na kubaki duara la moto kwa dakika zipatazo 3, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, naye akiwa miongoni mwa walioliandaa taifa kulitazama kwa usalama. Wanandoa Wamarekani Chuck na Sue Ruehle waliendesha mradi wa Telescopes to Tanzania chini ya shirika la Astronomers Without Borders, wakileta darubini kaskazini mwa nchi na kukaa na walimu kuwafundisha kuzitumia. Nchini Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen wamezunguka na The Travelling Telescope hadi vijijini, watoto wakipanga foleni kuiona sayari ya Zohali.

Kazi zote hizo zinafanana kwa jambo moja: kila darubini ilikwenda na mtu. Kifaa kilichotolewa msaada bila mwalimu aliyefunzwa huishia kabatini, kikisubiri mtu asiyeogopa kukivunja. Mwalimu akijua kulinganisha kitafutio, kile kilengeo kidogo cha ubavuni mwa darubini, wakati wa mchana kwa kukilenga kwenye mti wa mbali, na akijua kuanza kila mara na lenzi yenye ukuzaji mdogo, usiku wake wa kwanza utafanikiwa. Akiona, atarudia. Wanafunzi wakimwona anarudia, watamfuata.

Thamani ya kuona kwa macho yako ilionyeshwa jirani kabisa na Upare. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, milima ya Usambara, mwanafunzi Erasto Mpemba alitia maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza bila kusubiri yapoe, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo, liitwalo athari ya Mpemba. Darubini ndogo hulea tabia hiyohiyo: kuona, kuandika, kurudia kesho yake, na kushikilia swali hata likichekwa.

Ndiyo maana zile darubini za kisasa zinazotuma picha kwenye simu zinahitaji kupimwa kwa makini. Seestar S50 ya kampuni ya ZWO, iliyotoka mwaka 2023, ina lenzi ya milimita 50, hutafuta nebula yenyewe, hurundika picha za sekunde chache moja juu ya nyingine, na baada ya dakika kadhaa huonyesha rangi ambazo jicho haliwezi kuziona. Darasa zima linaweza kutazama skrini moja, na kijana mwenye ulemavu wa mgongo asiyeweza kuinama naye hapungukiwi. Ni faida kubwa. Lakini haina mahali pa kuweka jicho. Mtu anayechungulia Andromeda kwa kioo cha kawaida hupokea ndani ya jicho lake mwanga ulioondoka huko kabla binadamu wa leo hawajakuwapo, na picha ya simu, hata ikipendeza vipi, humpa nakala yake. Shule ikiweza kupata kimoja tu, ianze na kile cha jicho.

Giza lenyewe nalo linastahili mpango. Umeme wa vijijini unaosambazwa kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ni haki ya watu wa milimani, na hakuna sababu ya mtoto kusoma kwa kibatari ili nyota zionekane. Taa ya nje inaweza kufungwa kofia ikamulika njia badala ya mawingu, na ikazimwa pasipopita mtu. Serikali ya kijiji ikiliweka hilo katika mipango yake wakati nguzo zinasimikwa, itagharimika kidogo kuliko kurekebisha baadaye.

Ipo kazi moja inayofaa kuanzwa sasa. Machi 2025 pete za Zohali zilitugeukia ubavu, zikawa nyembamba kiasi cha kutoweka machoni. Tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka, na zitafikia upana wake mkubwa mwaka 2032. Zohali huonekana vizuri jioni za Oktoba na Novemba katika miaka hii, shule zikiwa zimefunguliwa, nyakati ambazo mawingu ya vuli bado huachia nafasi. Mwanafunzi aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2026, akichora sayari hiyo mara moja kila mwaka kwa darubini ya milimita 76 au 130, akiandika tarehe, saa na ukuzaji alioutumia, atamaliza kidato cha sita mwaka 2032 akiwa na michoro sita, ya 2026 hadi 2031, inayoonyesha mabadiliko hayo kwa mkono wake mwenyewe. Kinachohitajika ni darubini moja, daftari lisilopotea, na mwalimu atakayelikabidhi kwa mwenzake akihamishwa.